Usomeni Ushindi Huu Kana Kwamba Mlifungwa

Novemba 28, 2023

Barua ya wazi kwa Kocha Nick Saban, benchi lake la ufundi na wachezaji wote wa Crimson Tide, Chuo Kikuu cha Alabama, Tuscaloosa

Kocha Saban, na ninyi vijana wetu,

Hongereni. Jumamosi iliyopita mliwafunga Auburn 27 kwa 24 nyumbani kwao, katika uwanja unaobeba watu zaidi ya 88,000, na wengi wa watu hao walikuwa wameshaanza kusherehekea. Ushindi dhidi ya watani wa jadi haukataliwi, na ushindi wa Jordan-Hare una uzito wa peke yake. Ni katika uwanja huohuo, mwaka 2013, mlipofungwa 34 kwa 28 kwa mpira uliorudishwa yadi 109 katika sekunde ya mwisho. Anayeijua historia hiyo anajua kwa nini wapenzi wa Alabama wamelala usingizi mzuri wiki hii. Nami ni mmoja wao.

Nawaandikia kwa sababu sherehe imeanza kuifunika mechi yenyewe. Tangu Jumamosi kinachorudiwa kwenye runinga na midomoni mwa watu ni pasi moja: Jalen Milroe anaurusha mpira, Isaiah Bond anaudaka kwenye kona ya eneo la goli, zimebaki sekunde 32. Mambo mengine yote ya jioni ile yamesahaulika, kana kwamba pasi ile iliyafuta. Haikuyafuta. Jioni ile iliwaonyesha, mbele ya nchi nzima, kasoro zilezile ambazo zimewaandama msimu mzima, na ambazo zitawatoa mashindanoni siku mtakayokutana na timu isiyosamehe. Ombi langu ni moja: usomeni ushindi huu kana kwamba mlifungwa.

Kwa kuwa barua hii ni ya wazi, wataisoma pia watu wasioufuatilia mchezo huu, na kwa ajili yao nitaeleza kidogo mambo ambayo ninyi mnayajua. Katika futiboli ya Marekani timu inayoshambulia hupewa majaribio manne ya kusogea yadi 10. Ikifanikiwa inapewa mengine manne. Ikishindwa, mpira ni wa wapinzani. Ikishafika ndani ya yadi 10 za mwisho, hesabu ni kuufikia mstari wa goli wenyewe. Kila jaribio huanza pale senta, mchezaji wa katikati ya safu ya mbele, anapoupitisha mpira nyuma katikati ya miguu yake na kumpa kwotabeki, ambaye ndiye mwongozaji wa mashambulizi. Bila mpira huo wa kuanzia kufika salama, hakuna mchezo unaowezekana, hata kama kocha ameupanga usiku kucha.

Sasa tulitazame shambulio lile la mwisho tangu mwanzo wake, maana wengi wanaanza kulisimulia kutoka mwisho.

Auburn walikuwa wanaongoza 24 kwa 20. Zimebaki dakika kama tano, mashambulizi yenu yamekwama, mmelazimika kuupiga mpira mbali na kuwakabidhi. Wao wakiutunza mpira na kuula muda, mechi imekwisha. Mpokeaji wao akautia mkononi, ukamponyoka, mkaudaka karibu na yadi yao ya 30. Hapo ndipo matumaini yenu yalipofufuka. Yalifufuliwa na mkono wa mpinzani. Hilo peke yake lilitosha kuwatia hofu: katika dakika za lala salama, mkiwa nyuma kwa pointi nne, mlirudi mchezoni kwa kosa ambalo hamkulisababisha.

Mkasogea vizuri. Mkafika yadi ya 7. Majaribio manne, yadi saba, na ushindi. Timu yenye nguvu kama yenu, katika hali hiyo, hufunga. Jaribio la kwanza halikuzaa kitu. La pili, mpira wa kuanzia ukaenda ovyo, ukampita Milroe, na kufikia wakati alipouokota mlikuwa mmepoteza yadi 18. La tatu, Milroe alikimbia huku akitafuta wa kumpa, akavuka mstari wa kuanzia, kisha akaurusha mpira mbele. Kanuni inakataza. Adhabu ikawarudisha tena hadi yadi ya 31, na jaribio likahesabiwa kuwa limekwisha.

Ndivyo lilivyozaliwa lile jaribio la nne na yadi 31 ambalo leo linaandikwa kwenye fulana. Watu wanaitaja namba hiyo kama sifa. Mimi naiona kama hati ya mashtaka. Hakuna aliyewasukuma hadi yadi ya 31 isipokuwa ninyi wenyewe. Safu ya ulinzi ya Auburn haikuwa na haja ya kuwaangusha hata mara moja ili kuwapeleka huko: mpira mmoja ulioponyoka na kanuni moja iliyosahaulika vilifanya kazi hiyo kwa niaba yao.

Kisha bahati ikaja mara ya pili. Auburn wakaamua kutuma watu wawili tu kumshambulia kwotabeki na kuwaacha tisa nyuma walinde. Milroe akapata muda ambao kwotabeki hapewi, akasimama, akatazama, akachagua. Pasi ilikuwa nzuri sana, na Bond alisimama mahali pembamba sana kuidaka. Sitawanyima sifa hiyo. Inasemekana mchezo huo mnaufanyia mazoezi kila wiki na mmeupa jina la Mchimba Kaburi, basi mliustahili. Lakini timu iliyojiandaa kwa hali ya yadi 31 ilipaswa kujiandaa vizuri zaidi kwa hali ya yadi saba.

Kocha, nina mashtaka matatu.

La kwanza ni huo mpira wa kuanzia. Jambo hili halikuanza Jumamosi. Msimu huu tumeuona mpira ukimfikia Milroe chini ya magoti, ukimfikia pembeni, ukimfikia kabla hajawa tayari. Mara nyingi anauokoa kwa sababu ana mikono mizuri na miguu yenye kasi, na kwa kuwa anauokoa, kosa halihesabiwi kuwa kosa. Hasara yake ipo hata pale mpira usipodondoka. Kwotabeki anayeinama kuokota mpira ameacha kuitazama safu ya ulinzi kwa nusu sekunde, na katika nusu sekunde hiyo mpokeaji aliyekuwa huru ameshafunikwa. Mchezo mzima umevurugika, na kwenye takwimu itaandikwa tu kwamba pasi haikufika.

Namtaka msomaji anielewe hapa. Sitaji jina la kijana anayecheza nafasi hiyo, na sina haja ya kulitaja, kwani ametajwa vya kutosha na watu wasio na staha. Yeye ni mwanafunzi. Anapambana na mtu mwenye uzito wa kilo zaidi ya 130 aliyesimama hatua moja mbele yake, na katika sekunde hiyohiyo anatakiwa kuutuma mpira nyuma bila kuutazama. Kosa likijirudia wiki baada ya wiki, wa kuulizwa ni benchi la ufundi: limebadilisha nini? Limepunguza kelele gani, limebadilisha ishara gani, limempa nani mwingine nafasi ya kujaribu? Kijana kukosea ni jambo la mchezo. Kosa kubaki vilevile tangu Septemba hadi mwisho wa Novemba ni jambo la wakubwa.

La pili ni ulinzi dhidi ya mbio. Auburn hawakuja na siri. Kila mtu aliyewatazama msimu huu alijua kwamba pasi zao ni dhaifu na kwamba wangejaribu kupita chini, kwa miguu. Wiki moja kabla, New Mexico State walikuwa wamewafunga 31 kwa 10 palepale Jordan-Hare. Timu hiyohiyo, chini ya Kocha Hugh Freeze aliye katika msimu wake wa kwanza, ikakimbia yadi zaidi ya 200 dhidi yenu. Walikuwa wanakimbia, mnajua watakimbia, na bado wanakimbia. Kwotabeki wao, Payton Thorne, alipokuwa akiushika mpira mwenyewe na kuzunguka pembeni, mara nyingi hapakuwa na mtu wa kumpokea. Safu ya ulinzi ya Alabama ilijijengea jina kwa kuwanyima wapinzani jambo wanalolipenda zaidi. Jumamosi mliwaachia jambo pekee walilokuwa nalo.

La tatu ni kwamba tumeshaizoea hali hii. Nikiurudia msimu, naona mechi nyingi zenye sura moja. Septemba 9 Texas waliwafunga 34 kwa 24 hapo nyumbani. Wiki iliyofuata, huko Tampa, mlikwenda mapumziko mkiwa sare ya 3 kwa 3 na South Florida, mkashinda 17 kwa 3 bila mtu yeyote kujua kwotabeki wenu ni nani. Texas A&M mkawashinda 26 kwa 20. Arkansas mlikuwa mmewaacha 24 kwa 6, wakarudi hadi 24 kwa 21. Tennessee walikwenda mapumziko wakiwa mbele 20 kwa 7 kabla hamjaamka na kushinda 34 kwa 20. Kila mechi kati ya hizo ilikuwa na sababu yake, na zote isipokuwa ile ya Texas zilimalizika kwa ushindi. Mkiziweka pamoja zinasema jambo moja: timu hii hulegea mahali pasipotakiwa kulegea, halafu inajiokoa kwa vipaji vya watu wachache.

Haki itendeke pia. Tangu Milroe aliporudishwa uwanjani dhidi ya Ole Miss Septemba 23, hamjafungwa. Kijana aliyewekwa benchi baada ya Texas angeweza kununa au kuhama. Amebaki, amejifunza, na Jumamosi alipiga pasi za yadi zaidi ya 250 na kukimbia zaidi ya 100, ikiwemo ile pasi ya yadi 68 kwa Jermaine Burton. Mliwafunga LSU 42 kwa 28 na Kentucky 49 kwa 21, na katika mechi hizo mlicheza kama timu inayoweza kumshinda yeyote. Ndiyo maana nalalamika. Kama mngekuwa timu ya kawaida, ushindi wa mbinde ungekuwa ndio kiwango chenu, nami ningenyamaza.

Kocha Saban, haya ninayoyasema nimejifunza kwako. Mwaka 1998, ukiwa Michigan State, ulikwenda kucheza na Ohio State waliokuwa wa kwanza nchini. Wewe na profesa wa magonjwa ya akili, Lionel Rosen, mliwafundisha wachezaji wasiutazame ubao wa matokeo; waitazame kazi iliyo mbele yao kwa zile sekunde chache za kila jaribio, waimalize, kisha waanze upya. Mkashinda 28 kwa 24. Kutokana na fikra hiyo ulijenga njia yako yote ya kazi. Imekupa ubingwa wa taifa mara saba, mmoja ukiwa LSU na sita hapo Tuscaloosa. Umeufundisha umma mzima wa wapenzi wa mchezo huu kwamba matokeo si kipimo cha kazi.

Basi tupime kwa kipimo hicho chako. Ubao wa matokeo wa Jordan-Hare ulisema 27 kwa 24. Tukiufunika ubao na kutazama jaribio moja moja, tunaona nini? Tunaona mpira wa kuanzia uliokwenda ovyo, kwotabeki aliyevuka mstari, walinzi waliopitwa na mbio walizozitarajia. Kama Auburn wangetuma watu wanne badala ya wawili kwenye lile jaribio la mwisho, tungekuwa tunazungumza maneno mengine leo. Ubora wenu wa jioni ile ungekuwa uleule, tofauti ikiwa ni ubao tu. Njia yako inadai kwamba hukumu iwe moja katika hali zote mbili.

Mwaka 2017, mlipowashinda Texas A&M, uliwakaripia waandishi kwamba sifa zao kwa wachezaji ni sumu ya panya. Wazee wetu walilisema hilo kwa namna yao: mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Wiki hii sifa zinamwagika. Kila mtu anawaambia vijana kwamba wamepangiwa, kwamba timu yenye pasi ya aina ile haiwezi kushindwa. Nakuomba uwalinde na maneno hayo kwa ukali uleule.

Na tusiseme hatukuonywa, kwa maana tumeshaipita njia hii. Mwaka 2021, palepale Auburn, Bryce Young aliangushwa mara saba kabla hajaurusha mpira. Mashambulizi yenu hayakuufikia mstari wa goli mpaka Young alipoongoza shambulio la yadi 97, lililoanza ikiwa imebaki dakika moja na sekunde 35, likamalizika zikiwa zimebaki sekunde 24. Mkashinda 24 kwa 22 baada ya nyongeza nne za muda. Wiki iliyofuata mkawapiga Georgia 41 kwa 24 na kutwaa ubingwa wa ligi yenu, SEC, na watu wakasema yale ya Auburn yalikuwa ajali. Kisha Januari 10, 2022, huko Indianapolis, Georgia haohao wakawafunga 33 kwa 18 katika fainali ya taifa. Kweli, John Metchie alikuwa ameumia kabla na Jameson Williams akaumia katika mechi ileile, na hasara hiyo haikuwa ndogo. Lakini mechi ile mliikosa pia pale mlipolisogelea goli mara kwa mara mkaishia kupiga teke la pointi tatu. Kwa hiyo hata mkishinda Jumamosi hii, msiichukue kuwa ushahidi kwamba kila kitu kimepona.

Jumamosi hii ni Georgia tena, Desemba 2, huko Atlanta. Ni mabingwa wa taifa wa misimu miwili mfululizo. Hawajafungwa katika mechi 29. Wanaongozwa na Kirby Smart, aliyekaa nawe Alabama kuanzia 2007 hadi 2015 na anayejua unavyofikiri pengine kuliko kocha mwingine yeyote. Msimu huu wa 2023 nafasi za kugombea ubingwa wa taifa ni nne, na tangu mfumo huo uanze msimu wa 2014 hakuna timu iliyofungwa mara mbili iliyopewa nafasi. Mmeshafungwa mara moja. Mbele ya timu kama Georgia, kupoteza yadi 18 kwa mpira wa kuanzia ni kuuza mechi.

Ninachoomba kinatekelezeka. Mpira wa kuanzia ufanyiwe mazoezi katika hali ngumu: kelele za juu kabisa, mikono yenye jasho, mtu mzito akisukuma, mwisho wa mazoezi miguu ikiwa imechoka. Awepo mtu wa pili aliyeandaliwa kwa kazi hiyo, na asiogopwe kuitwa. Mkifika ndani ya yadi 10, chagueni michezo rahisi. Milroe ana nguvu na kasi za kutosha kuufikia mstari bila kuzungushwa. Aelekezwe upya kuhusu mstari wa kuanzia, mpaka miguu yake iujue bila macho yake kushuka. Walinzi wa pembeni wapewe kazi moja isiyo na utata dhidi ya kwotabeki anayekimbia, na anayeiacha kazi hiyo apumzishwe hata kama jina lake ni kubwa. Na mkanda wa mechi ya Auburn utazamwe wote, kuanzia teke la kwanza, kabla mtu yeyote hajaruhusiwa kuitazama tena pasi ya Bond.

Nina neno pia kwa mashabiki wenzangu, maana barua hii ni yao pia. Mwaka 2013, baada ya mechi ile ya yadi 109, mpigaji wetu wa mateke aliyekosa mapema siku ile alitumiwa vitisho vya kuuawa. Rais mstaafu George W. Bush ndiye aliyemwandikia barua ya kumtia moyo, wakati sisi tuliodai kuipenda timu ya kijana huyo tulikuwa tunamtukana. Aibu ile isirudi. Ukosoaji wa timu ni haki yetu na wajibu wetu. Ukatili kwa kijana wa chuo haumo ndani ya haki hiyo. Atakayemtukana senta wetu kwa kosa lake asijihesabu kuwa mwenzetu.

Na tuache kuomba muujiza. Tumeupata mmoja, tumshukuru Mungu, na tuwadai vijana wetu mambo madogo ambayo yangeufanya usihitajike. Milroe, Bond, na ninyi nyote mliovaa jezi ile nyekundu: mmethibitisha kwamba mnaweza kufunga kutoka yadi 31 mkiwa na jaribio moja mkononi. Sasa thibitisheni kwamba mnaweza kufunga kutoka yadi saba mkiwa na manne. Mkiliweza hilo, Georgia watakuwa na kazi ngumu Jumamosi, na yeyote atakayefuata baada yao.

Wenu katika mapenzi ya timu hii,

Shabiki wa Alabama